Kinachobaki Majini

Wanafunzi wetu huikariri kanuni hii kabla ya mtihani: chumvi za sodiamu huyeyuka majini, kaboneti nyingi za metali nyingine haziyeyuki. Wanaiandika vizuri, wanapata alama. Jioni mmoja wao hutumwa gengeni hapa Majengo akanunue magadi ya makande, na hakuna aliyemwambia kwamba kanuni ile ile ndiyo inayokwenda kufanya kazi chunguni.

Magadi ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Yakiyeyuka, kaboneti huikamata kalsiamu iliyomo majini na kutuama nayo kama chokaa. Kalsiamu hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kushikilia ugumu wa maharage na punje za mahindi. Ikiondoka, chakula huiva upesi na kuni husalia. Mama zetu waliufahamu ujuzi huu bila maabara, nao unastahili heshima.

Ila kalsiamu ina kazi nyingine. Ikikutana na floraidi hufanya kalsiamu floraidi, na lita moja ya maji huyeyusha takriban miligramu 16 tu za chumvi hiyo. Sodiamu floraidi huyeyuka kiasi cha gramu 40 katika lita hiyo hiyo! Kwa hiyo maji ya miamba ya volkano, yenye sodiamu nyingi na kalsiamu haba, hubeba floraidi kwa wingi, na magadi yanayobaki maji ya namna hiyo yakikauka huja nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwakuta watoto wa Kibosho na meno yaliyoharibiwa vibaya na floraidi, ilhali maji yao yalikuwa na chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Magadi yalitajwa miongoni mwa sababu.

Je, tumwage chokaa kwenye maji yenye floraidi, yaishe? Haitoshi. Kalsiamu floraidi ikishatuama, maji yaliyo juu yake yanaweza kubaki na karibu miligramu 8 za floraidi kwa lita, na Shirika la Afya Duniani linataka zisizidi 1.5. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeshughulika sana na mkaa wa mifupa, unaoinasa floraidi.

Walimu wa Kemia, tunawaomba somo la umumunyifu lianzie kwenye magadi. Wanafunzi walifikishe nyumbani, hasa kwa wadogo zao wasiotimiza miaka minane, ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka ndani ya ufizi. Chakula chao kipikwe bila magadi.