Hatimiliki si ruhusa ya kujenga

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu aliyestaafu kazi akiwa na furaha tele. Malipo yake ya uzeeni aliyatia yote katika ploti aliyokuwa ameinunua miaka mingi iliyopita. Mawe na simiti vikashushwa, mafundi wakaitwa, na kabla ya miezi miwili kuisha vyumba vya kupangisha vilikuwa vimefika kwenye linta. Asubuhi moja akakuta ukuta umechorwa X kwa rangi nyekundu. Alikimbia nyumbani akarudi na hatimiliki mkononi. "Ploti ni yangu!" alilalama. Kweli ilikuwa yake, na hakuna aliyelipinga hilo. Alichoulizwa ni kibali cha kujenga, naye hakuwa nacho.

Kosa hilo ni letu wengi. Twadhani mtu akishalipia ardhi aweza kuinua ghorofa apendavyo. Lakini Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 yasema kwamba hakuna ruhusa ya kuanza ujenzi bila idhini ya kaunti. Anayekiuka aweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Isitoshe, aweza kuamriwa airudishe ploti ilivyokuwa katika siku 90. Hebu fikiria kuwalipa mafundi wajenge, kisha uwalipe wengine wabomoe!

Basi ufanyeje? Kabla hujanunua hata jiwe moja, nenda ofisi ya mipango ya kaunti yako ukaulize eneo lenu limetengewa nini na ghorofa ngapi zinakubaliwa. Ikiwa ni mahali pa makazi nawe wataka kufungua shule ya chekechea au maduka, itakubidi kwanza uombe kubadilisha matumizi ya ardhi. Ombi hilo hutayarishwa na mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa, na tangazo hutolewa gazetini na kuwekwa kwenye ploti ili majirani watoe maoni yao. Nawe jirani, ukiona kibao hicho kwenye ua, usipite tu. Huo ndio wakati wa kuuliza kama bomba la majitaka litahimili wapangaji wapya.

Ramani ichorwe na msanifu majengo, na mahesabu ya nguzo na vyuma yafanywe na mhandisi, wote wawili wakiwa wamesajiliwa. Usione haya kuwaomba namba zao za usajili. Ada ilipwe kwa kaunti yenyewe, upewe risiti. Anayekuambia umpe "kitu kidogo" akumalizie mambo nyuma ya pazia hatakuwapo siku tingatinga litakapofika.

Zijue pia haki zako. Ukikaa siku 60 bila jibu la maandishi, sheria huhesabu kwamba idhini imetolewa. Kwa hivyo tunza nakala yenye tarehe ya kupokelewa. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mizozo ya mipango.

Wako watakaosema huu ni usumbufu mtupu. Nawakumbusha usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ilipokuwa ikinyesha Nairobi. Jumba la ghorofa sita, kando ya mto mtaani Huruma, liliporomoka na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limeshawekwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa, na bado familia zilikuwa zikilala humo.

Mzee wetu sasa ameanza upya, safari hii kwa karatasi. Kuta zake zingali pale kwenye linta, nyasi zimeota kati ya vyumba, na kila nipitapo huniambia, "Waambie wenzangu waulize kwanza."

Nami nimekuambia. Tukutane Jumapili ijayo.