Kivungulio Chetu Kisivunjwe

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii naielekeza kwetu sote, walimu na wanafunzi, maana naona tunalilaumu jembe bure.

Nyanya zetu zimenyauka misimu miwili mfululizo. Sasa kuna sauti zinazosema eti kivungulio kivunjwe, pahali pake pawe maegesho ya baiskeli. Mimi napinga. Mnyauko wa bakteria hukaa mchangani na hushambulia sana jamii ya nyanya, viazi na biringanya. Tukizidi kupanda nyanya pale pale, tunaulisha ugonjwa. Kosa si la nyumba, ni la kung'ang'ania zao moja.

Napendekeza tupande matikiti aina ya kantalupu, ambayo ni ya jamii ya matango. Si yale matikitimaji makubwa ya sokoni. Haya ni madogo, ganda lina mistari kama wavu na nyama yake ni ya rangi ya chungwa. Mmea hupandishwa kwa kamba, na tunda likikua hubebwa kwa kimfuko cha wavu lisivunje shina. Kutoka mbegu hadi tunda ni takriban miezi mitatu, yaani muhula mmoja.

Najua mtauliza: nyuki hawaingii mle, nani atachavusha? Ni sisi! Asubuhi kabla ya gwaride, mtu huchuma ua dume, akaondoa petali zake, akalipaka katika ua lenye kitunda kidogo nyuma yake. Basi.

"Lakini sisi ni wa kutwa, Jumamosi na Jumapili hatupo!" Haidhuru. Kila mmea huachiwa matunda mawili au matatu tu ili yanenepe, na maua huendelea kufunguka kwa siku nyingi. Ya Jumatatu hadi Ijumaa yanatosha. Maji ya wikendi tutamwomba mlinzi afungulie tangi.

Ndugu msomaji, wako wenzetu ambao saa saba hunywa maji ya mfereji na kurudi darasani, kwa kuwa hawajalipa pesa za chamcha. Sisemi matikiti yatawashibisha wote. Nasema kila shilingi itakayotoka mle iingie katika mfuko wa chakula chao. Maegesho ya baiskeli hayatamlisha mtu.

Mwalimu Mkuu, twakuomba muhula mmoja tu. Tukishindwa, mimi nitakuwa wa kwanza kushika nyundo.