Vali Inayovuja na Vali Iliyobana

Huko Merti, mgonjwa husema Kiborana, daktari huandika Kiingereza, na Kiswahili kikawekwa katikati kuwa mkalimani. Nami, mwanaisimu, nasema hapo ndipo penye hatari, kwani mara nyingi tafsiri hurudi na neno moja tu: "moyo".

Vali iliyobana, kama iachavyo homa ya rumatiki kwa mtoto ambaye koo lake halikutibiwa kwa penisilini, yaweza kupanuliwa kwa puto lipitishwalo katika mshipa wa paja kwa mrija mwembamba. Ni njia ya Mjapani Kanji Inoue, iliyotangazwa mwaka 1984. Lakini vali inayovuja sana haitaki puto, maana puto huzidisha uvujaji. Moyo ukidhoofika na kutanuka hata vali ikavuja, mrija mwingine upitao mshipa huohuo waweza kupeleka kibanio.

Na kibanio chenyewe kina mjadala. Mwaka 2018, utafiti wa Ufaransa wa wagonjwa 304 haukuona kikiishinda dawa pekee. Ule wa Marekani na Kanada, wa wagonjwa 614, uliona vifo na kulazwa vikipungua. Wengi hueleza kwamba wagonjwa hawakufanana: katika utafiti wa pili, uvujaji ulikuwa mkubwa kuliko kiasi cha moyo kutanuka, na dawa zilikuwa zimekwisha kurekebishwa kwanza.

Mgonjwa ataamuaje, iwapo "kubana" na "kuvuja" vimemezwa na "moyo"? Walimu wenzangu, katika insha ijayo mwambieni mwanafunzi amweleze nyanya yake tofauti hiyo, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiborana.