Ugonjwa Haujulikani kwa Jina Tu

Wako watu wasemao kuwa saratani ni saratani, na kwamba ikionekana tu yapasa kukatwa bila kuulizwa swali. Msomaji, usilikubali neno hili kabla ya kulipima. Mimi nalipinga, na sababu ni hizi.

Shingoni, mbele ya koo, mna tezi iitwayo thairoidi, ambayo huvuta iodini itokayo katika chakula na kutengeneza homoni za mwili. Tezi hii huweza kupata saratani. Katika Korea Kusini, tangu mwaka 1999, watu wengi wasio na dalili yoyote walipimwa tezi hii. Mwaka 2011 waliokutwa na saratani hiyo walizidi 40,000, kiwango kilicho mara 15 ya kile cha mwaka 1993. Karibu wote walipasuliwa, lakini kiwango cha vifo hakikupungua. Basi kisu kilimwokoa nani? Wengi walikatwa uvimbe mdogo ambao usingaliwadhuru maishani mwao, wakaachiwa kumeza vidonge vya homoni mpaka kufa.

Je, nasema saratani ipuuzwe? La hasha! Iko saratani ya tezi hii ambayo huenea upesi na kuua. Nisemalo ni kwamba zitofautishwe, na tofauti imo ndani ya seli. Katika kila seli jeni nyingine huwa macho, nyingine hulala. Seli ya saratani iliyo tulivu bado huiamsha jeni ya kuvuta iodini. Iliyoharibika sana huilaza. Ndipo iodini yenye mionzi, ambayo madaktari huitumia kuziua seli zilizotawanyika mapafuni na mifupani, haipati mlango wa kuingilia. Tena yako mabadiliko ya jeni ziitwazo BRAF na TERT. Yakikutwa pamoja, ugonjwa huelekea kuwa mkali.

Mpinzani atasema kuwa vipimo vya jeni ni ghali, na tena si nabii. Ni kweli. Lakini kisu nacho kina gharama: karibu na tezi hupita mishipa ya fahamu ya sauti, na ikijeruhiwa, mtu hukauka sauti. Mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali walitazama habari za wagonjwa 109 wenye uvimbe wa aina moja, waliofuatwa miaka 10 au zaidi. Hakuna hata mmoja ambaye ugonjwa ulimrudia. Wakaliondoa neno saratani katika jina la uvimbe huo.

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kadhalika nyumba mbaya. Jina la ugonjwa ni mlango tu. Kesho wewe utakuwa daktari, au utampeleka mzazi wako hospitali. Usiulize tu, "Ugonjwa huu waitwaje?" Uliza pia, "Watenda nini?"