Kipimo cha Kifafa cha Mimba Kisiishie Mijini

Mwezi Mei 2023, idara ya Serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliidhinisha kipimo cha damu ambacho humwezesha daktari kutambua, miongoni mwa wajawazito waliolazwa kwa shinikizo la damu, ni yupi aliye katika hatari ya kuzidiwa na ugonjwa wa kifafa cha mimba katika muda wa wiki mbili. Uingereza ilikuwa imekwisha kupendekeza vipimo vya jamii hiyo katika hospitali zake tangu 2016. Hapana budi watumishi wa umma wa nchi hii wajiulize kipimo hicho kitamfikia nani kitakapofika kwetu.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Baada ya wiki ya 20 ya mimba shinikizo la damu hupanda, protini huvuja katika mkojo, kichwa huuma, macho huona kiwi, uso na mikono huvimba. Mama asipowahiwa huanguka, hukakamaa na kupoteza fahamu. Wako ambao hata leo husema amepandwa na pepo, au kwamba jirani ana kijicho, na saa zinazopotea kwa mganga ndizo ambazo zingemwokoa.

Mwaka 2003, daktari wa figo Ananth Karumanchi na wenzake wa Boston walionyesha kwamba kondo la nyuma lenye hitilafu humwaga kwa wingi katika damu ya mama protini iitwayo sFlt-1. Hiyo ni kama mnyang'anyi. Huikamata protini nyingine, PlGF, inayoitunza mishipa ya damu, na mishipa ya figo, ini na ubongo hubaki bila mlinzi. Kipimo hulinganisha protini hizo mbili. Utafiti uliochapishwa 2016, uliofanywa katika nchi kadhaa, ulionyesha kwamba uwiano ukiwa 38 au chini yake, wanawake 99 katika 100 hawapati ugonjwa huo katika wiki inayofuata. Ukizidi 38, wasiofikia hata wanne katika kumi ndio walioupata katika wiki nne. Kwa maneno mengine, kipimo hiki ni hodari zaidi wa kusema hapana kuliko kusema ndiyo.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa ya matajiri. Wanakosea. Mwanamke wa London anayeambiwa arudi hospitali kesho hupanda basi; mkulima wa kijijini anayeambiwa hivyo huacha shamba na watoto, hukopa nauli, kisha hukaa wiki nzima katika nyumba ya kusubiria uzazi, ile ambayo sehemu nyingine huitwa chigonela. Jibu la hapana, likiwa la kweli, lina thamani kubwa zaidi kwake.

Lakini damu inayopimwa hospitali ya rufaa haimsaidii mama ambaye hakuna aliyempima shinikizo kwenye zahanati. Ni jambo la ajabu kuagiza mashine ya mamilioni huku muuguzi wa kijijini akikosa kijikaratasi cha kupimia mkojo, au akitumia mashine ya shinikizo ambayo betri zake zilikwisha mwaka jana. Tena, kipimo hakitibu. Dawa ya salfeti ya magnesi, ambayo utafiti mkubwa wa 2002 ulithibitisha kwamba hupunguza kwa nusu hatari ya degedege, ni ya bei nafuu, na tiba kamili ni kumzalisha mama.

Basi afisa anayeandaa makadirio ya wilaya aandike vitu hivyo katika orodha moja: mashine za shinikizo na vijikaratasi vya mkojo kwa kila zahanati, magnesi, mafuta ya gari la wagonjwa, na kipimo kipya katika hospitali ya wilaya, wala si katika hospitali za jiji peke yake. Naye mwalimu, ambaye kijijini mara nyingi ndiye msomaji wa barua za wengi, anaweza kuueleza mkutano wa wazazi kwamba kuumwa kichwa na kuona kiwi katika mwezi wa saba wa mimba ni sababu ya kwenda kliniki siku hiyo hiyo, hata kama tarehe iliyoandikwa kwenye kadi haijafika.