Ufunguo wa Seva Umebadilika? Acha Kazi Isimame!

Jamani, leo nina neno na mafundi wenzangu, hapa Kakamega na kwingineko. Kuna ugonjwa umeenea katika skripti zetu za kutuma faili usiku, nao una mistari miwili tu: StrictHostKeyChecking=no na UserKnownHostsFile=/dev/null. Ukiikuta katika skripti ya chama cha akiba na mikopo inayopeleka benki orodha ya malipo ya wakulima, ujue kuna fundi aliyetaka kulala.

Kisa huwa ni kile kile. Benki inahamisha seva bila taarifa. Usiku kazi inakwama, SSH inapiga kelele kwamba ufunguo wa seva umebadilika. Asubuhi malipo hayajaingia, meneja anapiga simu, fundi anaweka mistari ile miwili. "Imepona!" Haijapona. Umemfukuza bawabu kwa kosa la kumwomba mgeni kitambulisho.

Tuelewane. Tatu Ylönen alibuni SSH kule Finland mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo chake. Lakini kusimba data hakusaidii kama hujui unazungumza na nani. Mwizi aliyejiweka katikati atapokea faili yako ikiwa imesimbwa vizuri kabisa, tena kwa ajili yake. Ukitumia nywila, ataichukua pia. Ukitumia jozi ya funguo, ufunguo wako wa siri hataupata, lakini majina, nambari za vitambulisho na akaunti za watu zitabaki kwake, na skripti yako itaandika "imefika".

Mtaniambia funguo hubadilika kihalali. Naam! Tarehe 24 Machi 2023 GitHub ilibadilisha ufunguo wake wa RSA baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi mahali pa wazi. Lakini ilitangaza, na ikachapisha alama ya ufunguo mpya ili kila mtu alinganishe. Benki inayokaa kimya inawafundisha wateja wake kupuuza onyo.

Wengine wanajiona wajanja: wanaendesha ssh-keyscan kila usiku kabla ya kutuma. Huko ni kumuuliza mwizi kama yeye ni mwizi. Jibu linapita njia ile ile msiyoiamini.

Dawa si ngumu. Weka StrictHostKeyChecking=yes. Kazi ikikwama, skripti itume ujumbe kwa mtu mwenye jina, si kwenye logi isiyosomwa. Alama ya ufunguo mpya ithibitishwe kwa simu, kwa nambari mliyokuwa nayo tangu awali. known_hosts hukubali ufunguo wa zamani na mpya kwa pamoja, basi benki itoe mpya wiki mbili kabla ya kuhama. Na kama ni mashine tu inayobadilishwa, ufunguo uhamishwe nao, mradi haujavuja.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data pale data inapovuja na kuhatarisha wenyewe. Saa hizo huanza ukishajua. Skripti iliyozibwa mdomo itakujulisha lini?

Malipo yakichelewa siku moja, mkulima atanung'unika. Siri zake zikienda, hazirudi. Fungueni skripti zenu leo, mtafute mistari ile, muifute.