Goti la Mtoto Ni Bora Kuliko Medali

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye televisheni tu, yaani mbio za kuteleza kwenye theluji, ambazo wenyewe huziita skii. Huenda mtu akauliza: Sisi na theluji wapi na wapi? Swali hilo ni halali. Lakini mwaka 2018, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Pyeongchang, Korea Kusini, bendera ya Kenya ilikuwepo kule mlimani. Aliyeiwakilisha katika mbio hizo ni binti mzaliwa wa Kilifi, Sabrina Simader, aliyepelekwa Austria akiwa na umri wa miaka mitatu na kukulia huko. Miaka miwili kabla, mwaka 2016, alikwisha kushiriki Olimpiki ya Vijana huko Lillehammer, Norwei. Kwa hiyo watoto wa milima ile si wageni kabisa kwetu.

Tena, jambo linalowasumbua vijana hao laweza kumpata mtoto yeyote ambaye wakubwa wamemwekea matumaini ya ushindi. Jambo lenyewe ni hili: mtoto huficha maumivu yake kwa kuogopa kukosa mashindano. Maoni yangu ni kwamba msimu wa mashindano wa mtoto upimwe kwa afya atakayomaliza nayo, wala si kwa nafasi aliyoshika. Na wajibu huo ni wetu sisi wakubwa tunaosimama pembeni na kushangilia, kwa maana mtoto mwenye hamu ya kushinda hawezi kujiambia mwenyewe, "Basi, inatosha."

Maisha ya msimu mmoja

Huko Ulaya na Marekani msimu wa mbio huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili. Lakini mazoezi hayana mwisho. Wakati wa joto vilabu vingi hupanda kwenye barafu isiyoyeyuka, kama ile ya Hintertux nchini Austria au Zermatt nchini Uswisi. Wenye uwezo husafiri hata Chile na Nyuzilandi, ambako ni majira ya baridi wakati Ulaya kuna jua kali. Hivyo kijana akipenda, au akisukumwa, anaweza kuteleza karibu mwaka mzima.

Zipo pia shule maalumu kwa ajili yao. Huko Stams, kijiji cha Austria chenye abasia ya kale ya Wasisitersiani, ipo shule iliyoanzishwa mwaka 1967 ambamo vijana husoma masomo ya kawaida huku wakifundishwa skii. Marekani ipo shule ya Burke Mountain, jimbo la Vermont, iliyoanzishwa mwaka 1970. Wanafunzi wa shule hizo huishi mbali na wazazi wao, na masomo hupangwa kufuatana na mazoezi na mashindano.

Siku ya mashindano huanza kabla ya mapambazuko. Kijana hupanda mlima, hupasha mwili moto, kisha huikagua njia polepole na kukariri kila mti mwembamba atakaoupita. Baada ya hapo husubiri kwenye baridi kali akiwa na vazi jembamba la mashindano, mpaka namba yake ya kifuani iitwe. Mbio zenyewe huchukua kama dakika moja hivi. Katika slalomu na slalomu kubwa hushuka mara mbili, na muda wa mara zote mbili hujumlishwa. Akikosa mti mmoja tu, ameondolewa. Mtoto aliyesafiri saa tatu garini aweza kushindana kwa sekunde ishirini, kisha jina lake likaandikwa kati ya wale wasiomaliza. Jioni kuna kunoa kingo za chuma za skii zake, kuzipaka nta, na baadaye kazi za shule.

Sasa tufahamu kwa nini kijana huyo huficha maumivu. Shirikisho la Kimataifa la Skii (FIS) huwapa washindani pointi, na hapa mwenye pointi chache ndiye bora. Pointi ndizo hupanga nani ashuke mapema na nani ashuke nyuma. Mwenye kushuka nyuma hukuta theluji imekwisha kuchimbwa mifereji na waliomtangulia, naye huhangaika katika mifereji hiyo. Kwa hiyo kila wiki anayokaa nyumbani yaonekana kwake kama wiki ya kurudi nyuma. Shirikisho linao utaratibu wa kulinda pointi za mtu aliyeumia, lakini mtoto wa miaka 16 mwenye hofu hawazi utaratibu. Yeye hufunga goti kwa bandeji na kunyamaza. Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwili ambao bado unajengwa

Mtoto si mtu mzima mdogo. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu zipo sehemu laini ambazo kwazo mfupa hurefuka. Katika miaka ya kukua haraka, mara nyingi kijana mwanamichezo huhisi maumivu na uvimbe chini kidogo ya goti, pale mshipa wa misuli ya paja unapojishikiza kwenye mfupa. Dawa kubwa ya hali hiyo ni kupunguza mazoezi. Mtoto akipumzishwa kwa wakati hupona. Akilazimishwa, shida ya wiki chache hugeuka ya miezi.

Goti ndilo huumia zaidi katika mchezo huu. Ndani yake kuna kano inayofunga mfupa wa paja na ule wa muundi. Ukingo wa skii ukikamata theluji ghafla huku mwili ukiendelea kwenda, goti husokotwa na kano hiyo hukatika. Ikikatika kabisa, kwa kawaida haijiungi yenyewe kama mfupa unavyojiunga. Kwa vijana wanaotaka kurudi mashindanoni, mara nyingi madaktari hupasua na kuweka kano nyingine, na hushauri kungoja angalau miezi tisa.

Tumtazame Lara Colturi, binti aliyekulia Italia na anayeiwakilisha Albania. Mwanzoni mwa mwaka 2023, akiwa na miaka 16, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mbio za supa-ji. Mwezi Februari mwaka uleule alianguka mazoezini huko Méribel, Ufaransa, na kano ya goti lake ikakatika. Msimu wake ukaishia hapo. Alitibiwa na kupewa muda, na Novemba 2024 alishika nafasi ya pili katika slalomu ya Kombe la Dunia huko Gurgl, Austria. Kupumzika hakukumharibia maisha. Kulimrudisha.

Kichwa nacho tusikisahau. Kofia ngumu ni lazima katika mbio hizi, nayo huzuia fuvu lisipasuke, lakini haiwezi kuzuia kabisa ubongo usitikisike ndani ya fuvu. Kijana aliyeanguka, kisha akawa na kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, au akarudia swali lilelile mara tatu, asishuke tena siku hiyo hata kama yeye mwenyewe anasema yuko salama.

Tena hatari haiko kwenye mashindano peke yake. Mwezi Oktoba 2024 Matilde Lorenzi, kijana wa Italia wa miaka 19, alianguka akiwa mazoezini huko Val Senales, akafariki siku iliyofuata. Kifo kama hicho si jambo la kila siku, lakini chatukumbusha kwamba siku ya mazoezi yahitaji usalama uleule wa siku ya medali.

Moyo nao huchoka

Kuna ugonjwa usioonekana kwenye picha ya eksirei. Mmarekani Mikaela Shiffrin alipata dhahabu ya slalomu ya Olimpiki huko Sochi mwaka 2014 akiwa na miaka 18. Mwezi Februari 2025 alifikisha ushindi wa 100 katika Kombe la Dunia, idadi ambayo hakuna mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa ameifikia. Hata hivyo, dada huyo ameeleza wazi kwamba kuna kipindi alikuwa akitapika kwa wasiwasi kabla ya mbio. Baada ya kuanguka vibaya huko Killington, Marekani, Novemba 2024, na kutobolewa tumboni, jeraha la mwili lilipona lakini hofu ilibaki. Katika mashindano ya ubingwa wa dunia ya Februari 2025 alijiondoa kwenye slalomu kubwa, akasema kwamba akili yake bado haijapona mshtuko ule.

Kama bingwa wa mabingwa aweza kusema hivyo hadharani, kwa nini mtoto wa miaka 13 aambiwe kwamba kuogopa ni aibu? Tumbo linalouma kila asubuhi ya mashindano, usingizi unaopotea, machozi yasiyo na sababu: hizo ni dalili kama homa ilivyo dalili.

"Mchelea mwana kulia..."

Najua wapo watakaonijibu kwa methali: Mchelea mwana kulia hulia yeye. Watasema kwamba mabingwa hawapatikani kwa kubembelezwa. Kweli, mtoto yampasa ajifunze kuamka mapema, kutii mwalimu wake na kuvumilia kushindwa. Lakini methali ile yamhusu mtoto anayelilia asichostahili. Haimhusu mtoto anayelia kwa kuumwa.

Tena ushahidi uko wazi. Norwei ni nchi yenye watu wapatao milioni tano na nusu. Tangu mwaka 1987 michezo ya watoto huko ina kanuni za nchi nzima. Kwa kanuni zao, mtoto asiyefikia umri wa miaka 11 hawekewi orodha ya nani wa kwanza na nani wa mwisho, na mashindano ya ubingwa wa taifa humngoja mpaka mwaka anaotimiza 13. Kabla ya hapo anacheza, anajifunza na kufurahi na wenzake. Je, wamekosa mabingwa? Katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018 walipata medali 39, na Beijing mwaka 2022 wakapata 37, zikiwemo dhahabu 16, na mara zote mbili hakuna nchi iliyowapita. Mmoja wao, Aksel Lund Svindal, alishinda mbio za kushuka mlima kule Pyeongchang akiwa na miaka 35. Huyo Shiffrin pia, wazazi wake walijulikana kwa kupendelea mazoezi mazuri kuliko kumpeleka mtoto kila mashindano.

Basi kumlinda mtoto si kumdekeza. Ni kumtunzia mwili atakaoutumia akiwa mtu mzima, awe bingwa au asiwe. Maana wengi wao hawatakuwa mabingwa. Watakuwa walimu, mafundi, wauguzi na wazazi, na wote watahitaji magoti ya kupandia ngazi.

Tufanye nini?

Yafuatayo yawafaa wazazi wa huko kwenye theluji, na yawafaa pia wazazi ambao watoto wao wanacheza mpira au kukimbia riadha:

1. Mtoto akirudi kutoka mashindanoni, swali la kwanza lisiwe "Umekuwa wa ngapi?" Aulizwe: "Unaumwa popote?" Kisha tungoje jibu.

2. Maumivu yanayomfanya achechemee, au yanayomwamsha usiku, yasingoje mwisho wa msimu. Aonwe na daktari.

3. Aliyegongwa kichwa asicheze tena siku ileile. Arudi baada ya kuruhusiwa na mganga, tena hatua kwa hatua.

4. Apate usingizi wa kutosha. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku, na wadogo zaidi ya hapo.

5. Ale vya kutosha kabla na baada ya mazoezi, hasa kwenye baridi. Msichana ambaye siku zake zimekatika kwa miezi mitatu apelekwe kwa daktari, kwani huenda chakula anachokula hakilingani na kazi anayoifanya.

6. Kila wiki awe na siku moja au mbili bila mazoezi. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri pia kwamba katika mwaka apate jumla ya miezi miwili au mitatu ya kupumzika mchezo wake mmoja, na acheze mingine.

7. Kwenye theluji, macho na ngozi vikingwe hata siku ya mawingu. Theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya mionzi ya jua na kuunguza uso kutoka chini.

Wazazi wapenzi, theluji ya msimu huu itayeyuka, na msimu ujao itaanguka nyingine. Mashindano hayaishi. Goti ni mawili tu, na kichwa ni kimoja. Mtoto akikuambia leo kwamba anaumwa, msadiki, mfungulie viatu, na umpeleke nyumbani akalale.